Je, wajua setilaiti hulionaje vumbi linaloingia mapafuni mwetu?

Januari, lori likipita kwenye barabara ya udongo kule Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, vumbi utaliona na hata kulionja ulimini. Setilaiti iitwayo Terra iko angani, takriban kilomita 700 kutoka hapo. Italijuaje?

Jibu ni kwamba haipimi vumbi. Inapima mwanga. Miale ya jua ikikutana na chembe hewani, mingine hutawanyika na mingine humezwa. Kifaa cha MODIS kilichomo ndani ya Terra husoma mwanga unaorudi juu na kukadiria uzito wa utando uliotanda hewani. Kingine, MISR, kina kamera 9 zinazotazama kwa pembe mbalimbali. Hivyo hutenganisha chembe za vumbi, zenye kingo zisizo sawa, na chembe za moshi, ambazo nyingi ni mviringo.

Lakini setilaiti huona hewa yote kwa pamoja, kuanzia ardhini hadi juu kabisa. Vumbi la jangwani laweza kupita juu sana bila kugusa pua ya mtu. Tena mawingu, ambayo ukanda wa Ziwa Victoria unayo tele, huiziba macho. Kwa hiyo lazima pawe na shahidi wa chini. Kwa bahati njema Uganda inaye: mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, umefunga vipima hewa kwenye majengo na hata kwenye bodaboda. Vipima hivyo huhesabu chembe zisizozidi mikroni 2.5, ilhali unene wa unywele ni kama mikroni 70. Wataalamu hulinganisha vipimo hivyo na picha za setilaiti, kisha hukadiria ubora wa hewa pale pasipo na kipima.

Hapo ndipo afya inapoingia. Makadirio ya kila siku huwekwa kando ya idadi ya wagonjwa wa pumu au homa ya mapafu, huku joto, mvua na moshi wa kuni vikizingatiwa. Kaskazini mwa Uganda kumo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, ambayo hupanda kiangazi chenye vumbi na kutulia mvua zinaponyesha.

Kwangu mimi, kiungo cha thamani kuliko vyote ni daftari la kituo cha afya, linaloonyesha mgonjwa anaishi wapi. Mgonjwa wa Kaabong, huko huko kaskazini-mashariki, akiandikwa kuwa ametoka mji ulio na hospitali, atahesabiwa vumbi ambalo hakulivuta.