Reli nyepesi chini ya ardhi: mji unanunua nini hasa?

Foleni ya jioni ikikaza Barabara ya Kenyatta, hakosekani abiria wa kusema kwamba Mwanza sasa inahitaji treni ya chini ya ardhi. Wenzake watachangia, konda atatia neno lake, na mjadala utakatikia Mkuyuni watu wakianza kushuka. Wazo si la mzaha, ila wengi wanaolitaja huchanganya vitu viwili tofauti: reli nyepesi na treni ya chini ya ardhi.

Reli nyepesi ni treni ya umeme ya mjini yenye mabehewa machache. Inaweza kupita barabarani katikati ya magari, ikakata kona kali, na abiria akapanda akitokea ukingoni mwa barabara bila ngazi. Usiichanganye na SGR: ile ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ni ya kuunganisha mikoa. Wala si sawa na treni za chini ya ardhi za London, zilizoanza mwaka 1863 na ambazo hazikutani na gari popote njiani. Mara nyingi reli nyepesi huwa imeshajengwa juu, na swali la kuishusha huja baadaye, mji unapokua. Hata hapo kinachoshushwa kwa kawaida ni kipande cha katikati ya mji tu, huku sehemu nyingine zikibaki juu.

Ugonjwa unaotibiwa na handaki unaonekana vizuri Portland, Marekani. Reli yao nyepesi ilifunguliwa mwaka 1986, na katikati ya mji inapita mitaani. Mitaa ya pale ni mifupi, kama meta 61 kutoka makutano hadi makutano. Treni ikisimama kituoni haitakiwi kuziba makutano nyuma yake, kwa hiyo haiwezi kuwa na mabehewa zaidi ya mawili. Abiria wakiongezeka huongezi behewa la tatu. Unaongeza treni, na treni zenyewe zinakutana na taa za barabarani. Tuseme taa zinazunguka kila sekunde 90 na kila mzunguko unapitisha treni moja: hizo ni treni 40 kwa saa kwenye karatasi. Barabarani ni pungufu, maana mlango mmoja ukichelewa kufungwa treni imeshakosa zamu yake, na iliyo nyuma inasubiri. Foleni hiyo inasambaa hadi pembezoni mwa mji, kwenye njia isiyo na taa hata moja.

Kwa hiyo mji unaochimba handaki unanunua vitu viwili: treni ndefu na makutano yasiyokuwepo. Boston ya Marekani walilijua hilo mwaka 1897, waliposhusha tramu zao, yaani treni za mitaani, chini ya Mtaa wa Tremont kwa sababu zilikuwa zimejipanga barabarani mpaka hazisogei. Karlsruhe ya Ujerumani nao wameshusha zao chini ya mtaa mkuu wa maduka. Handaki lilifunguliwa Desemba 2021, baada ya ujenzi wa zaidi ya miaka kumi.

Bei yake haiishi siku ya uzinduzi. Chini kunahitajika lifti, pampu za maji, feni za kuvuta hewa na moshi, taa mchana kutwa, walinzi na milango ya dharura, na vyote hivyo vinakula umeme kila siku ya Mungu. Abiria naye analipa kwa miguu yake. Mtu wa safari ya vituo viwili, mwenye kikapu cha dagaa mkononi, akiteremka ngazi na kuzipanda tena huenda akawa amepoteza muda kuliko aliouokoa. Handaki ni neema kwa anayevuka mji mzima. Anayezunguka ndani ya mji halimsaidii sana.

Ipo na njia ya tatu, nayo haipewi nafasi ya kutosha kwenye mijadala hii. Calgary ya Kanada waliacha reli yao juu, wakawaondoa wenye magari binafsi kwenye mtaa mmoja, wakawaachia treni na mabasi. Leo treni za mabehewa manne zinapita hapo, na mtandao wao ni kati ya ile ya reli nyepesi inayobeba watu wengi zaidi Amerika Kaskazini. Hawakuchimba handaki chini ya mtaa ule. Walichohitaji ni uongozi wenye ubavu wa kumwambia mwenye gari apite kwingine.

Turudi Mwanza. Hapa udongo una lake la kusema. Mawe haya tunayojivunia, kuanzia lile la Bismarck ziwani hadi yale yanayoning'inia juu ya nyumba za Mabatini, ni matale (graniti), na mengi yake yamezama ardhini nusu au yote. Anayejenga mlimani anayajua: unachimba msingi, meta moja udongo laini, meta ya pili unagonga jiwe kubwa kuliko chumba. Basi matairi yanachomwa juu yake mpaka lipasuke, nyundo inaendelea, akina mama wanapata kokoto. Mashine ya kuchimba handaki haipendi hali hiyo. Mwamba mtupu inauweza, na udongo mtupu pia inauweza. Kinachoitesa ni mchanganyiko, jiwe gumu upande mmoja wa uso wake na tope upande wa pili. Meno yanakatika, kazi inasimama, na gharama zinapanda.

Njia nyingine ni kufumua barabara yenyewe, kujenga sanduku la zege ndani ya mtaro, kisha kufunika. Ni nafuu zaidi, lakini hebu waza Makoroboi ikiwa imefumuliwa miaka miwili mitatu, machinga hawa wote wapelekwe wapi. Halafu kuna ziwa. Katikati ya mji wetu pako karibu sana na maji, na mwaka 2020, kisha tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda likameza fukwe na vyoo vya watu. Handaki la pale litakuwa chini ya usawa wa ziwa, likitegemea pampu usiku na mchana. Umeme ukikatika, jenereta iwe inawaka kweli, si ya maonyesho.

Hata hivyo, hoja ya wanaotaka handaki ina uzito wake. Milima na ziwa vimetubana: kuelekea Igoma tegemeo ni Barabara ya Nyerere, kuelekea Buhongwa ni ya Kenyatta, kuelekea Pasiansi na uwanja wa ndege ni ya Makongoro. Ukiipa treni nusu ya barabara kama hiyo, daladala, bodaboda na malori yatagombania nusu iliyobaki. Calgary wana mitaa mingi ya kuhamia, sisi hatuna.

Lakini foleni yetu haianzii katikati ya mji. Inaanzia Buzuruga na Mabatini, inaanzia Mkuyuni, na handaki la kilomita mbili chini ya Kenyatta halifiki huko. Isitoshe, reli nyepesi yenyewe bado hatuna. Addis Ababa walijenga yao, wakaifungua mwaka 2015 kwa takriban dola milioni 475, na kipande kidogo kinapita chini ya ardhi. Kilichowaumiza baadaye ni vipuri: treni nyingi zililala karakana kwa kukosa vya kubadilisha. Handaki halitengenezi treni iliyoharibika.

Mimi ningeanza na njia maalumu za mabasi kwenye barabara hizo tatu, kisha nikaitazama vizuri ile reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928. Inaingia mjini ikipitia Mkuyuni na Igogo, na ukanda wake tayari ni wa reli. Hakuna wa kubomolewa nyumba ikiwa haujavamiwa. Mipaka yake ipimwe upya na iwekewe vigingi sasa, kabla mabanda hayajageuka maghorofa, kwa sababu baada ya hapo ndipo mji hulazimika kuchimba.