Data Iliyo kwenye Wingu Hupotea

Kauli ninayoisikia mara kwa mara katika ofisi za mawakala wa forodha, kuanzia Kilindini hadi Shimanzi, ni kwamba data ikishawekwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa mtandao, haiwezi tena kupotea. Anayenieleza hivyo huwa ameridhika kabisa, na mara nyingi ameshaichukua ile diski ya nje iliyokuwa na nakala rudufu akaipa kazi nyingine.

Ukweli ni kwamba kampuni inayokuuzia huduma ya wingu huhifadhi data yako katika diski kadhaa ili diski moja ikiharibika usipate hasara. Kinga hiyo inahusu mitambo yao, wala haihusu makosa ya karani wako. Katika folda inayosawazishwa, karani akifuta hati za mzigo, hati hizo hufutika katika kila kompyuta iliyounganishwa, na wahalifu wakizifunga faili ili wadai kikombozi, faili zilizofungwa ndizo zinazosambazwa kwa utiifu uleule. Pipa la taka la Google Drive hutunza faili kwa siku 30 tu, ilhali sheria ya taratibu za kodi ya Kenya inakutaka uhifadhi kumbukumbu kwa miaka 5. Hakuna anayeona tofauti hiyo mpaka siku mkaguzi anapoitisha ankara ya mwaka juzi.

Aliye na shaka na akumbuke moto wa Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, ulioteketeza jengo zima la seva la OVHcloud, kampuni inayouza huduma za wingu. Wapo wateja waliopoteza data moja kwa moja kwa sababu hawakuwa na nakala nyingine, au nakala yenyewe ilikuwa papo hapo palipoungua. Mwenye nyumba hukupa kuta, mlango na kufuli, lakini vyombo vya ndani ni vyako, na mikataba ya wingu, ambayo wateja wangu huikubali bila kuisoma, imegawanya wajibu kwa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo ninasisitiza, hata kama naonekana msumbufu: weka nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine na chini ya akaunti ambayo nenosiri lake halijulikani ofisi nzima. Kisha kila mwezi chagua faili moja na ujaribu kuirejesha. Zoezi hilo ndilo wanalolikwepa wengi, na ndilo linalofichua kwamba nakala zilikoma kuhifadhiwa tangu kadi ya benki inayolipia huduma ilipoisha muda.

Dhana nyingine hazinichoshi kiasi hicho. Wapo wanaodhani kwamba data hupitia setilaiti, kwa hiyo mvua ya masika ndiyo huikatiza, ilhali nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zinatia nanga hapa hapa Mombasa tangu 2009. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, mtandao ulizorota kote Afrika Mashariki. Biashara isiyoweza kusimama inahitaji watoa huduma wawili wasiotegemea njia moja.

Wengine wanadai kwamba sheria inakataza data kupelekwa nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikatazi jambo hilo kwa jumla, bali inaweka masharti: uthibitisho wa kinga zinazofaa na, kwa data nyeti, idhini ya mhusika. Waziri anaweza kuagiza baadhi ya shughuli zifanyiwe nchini, lakini orodha ya wageni wa hoteli yako inaweza kukaa kwenye seva za Johannesburg au Cape Town ukitimiza masharti hayo.

Kuhusu gharama, si kweli kwamba wingu ni nafuu siku zote. Hoteli ya Nyali inayojaa Desemba na kupungua wageni Mei hunufaika, kwa kuwa hulipia uwezo mkubwa pale tu inapouhitaji, na haina haja ya kununua seva itakayoliwa na hewa ya chumvi na kuzimwa ovyo na umeme unaokatika. Lakini mashine iliyoachwa ikiwaka usiku kucha bila kazi hutozwa, kuhamisha data kutoka kwenye wingu mara nyingi hutozwa pia, na ankara nyingi huja kwa dola. Kabla ya kutia saini, muulize muuzaji bei ya kuitoa data yako yote siku utakapotaka kuondoka.