"Mmea unaostahimili ukame" maana yake nini? Tutazame waridi la jangwani

Muuza miche akisema mmea fulani unastahimili ukame, wengi huelewa kwamba hauhitaji maji. Sivyo. Maana yake ni kwamba una namna yake ya kupita kiangazi bila kufa, na usipoijua namna hiyo utauua wewe mwenyewe.

Chukua waridi la jangwani, Adenium obesum kwa jina la kitaalamu. Si waridi hasa, ni jamaa ya oleanda, kile kichaka cha maua kinachopandwa kwa mapambo. Huota lenyewe katika nyika za Afrika Mashariki, ukanda wa Sahel, Yemen na Oman, na jina Adenium limetokana na mji wa Aden. Chini shina lake limevimba kama kibuyu, na uvimbe huo ndio tangi lake la maji. Mvua zikikatika hupukutisha majani, kwa kuwa majani ndiyo yanayopoteza maji mengi, kisha hutulia na kuishi kwa akiba. Mara nyingi huchanua likiwa halina jani hata moja, maua ya rangi ya waridi juu ya matawi makavu. Sijaona mmea mwingine unaonifurahisha hivyo wakati bustani nzima imekauka.

Ni mmea wa kudumu: ukishika, unaishi miaka mingi. Ulipande penye jua lisilopungua muda wa saa sita kwa siku, kwani kivulini hurefuka ovyo na maua huwa machache. Udongo uwe wa mchanga mwingi na kokoto, na chungu kiwe na matundu. Miche ya mbegu ndiyo inayotoa shina nene zuri. Ya vipandikizi mara nyingi hukosa umbo hilo. Ukikata tawi vaa glavu, maana utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa sehemu hizi wameupaka kwenye mishale tangu zamani, kwa hiyo watoto na mbuzi wasiufikie.

Mche mdogo bado hauna akiba, kwa hiyo usiuache na kiu ndefu. Uliokomaa umwagilie udongo ukishakauka kabisa. Ukiwa na shaka, bonyeza shina. Likiwa gumu, liache. Likiwa laini na udongo ni mkavu, lina kiu. Likiwa laini na udongo umelowa, linaoza: ling'oe siku hiyohiyo, kata palipooza hadi ufike penye uzima, uliache kivulini kidonda kikauke, ndipo ulipande upya.