Fildi ya masomo ya jinsia: usiende "kusaidia wanawake"

Msimu wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, ukikaribia tu, sisi waratibu tunaanza kupokea barua za maombi, na nyingi zina sentensi ile ile, eti mwombaji anaomba apelekwe shirika la wanawake ili "akasaidie wanawake". Nia ni nzuri, siipingi. Ila jamani, shirika limefanya kazi miaka na miaka halijakaa linamsubiri mwanafunzi wa mwaka wa pili aje aliokoe, na hao wanawake wenyewe wanaijua shida yao vizuri kuliko mhadhara wowote uliowahi kuusikiliza. Wewe unaenda kusoma, yaani kuisoma taasisi: nani anaamua, nani anatumwatumwa, pesa inapita wapi na inaishia kwa nani.

Na kutoka nje ya darasa sio urembo uliobandikwa juzi kwenye kozi hizi. Chuo cha San Diego State kule Marekani kilianzisha programu ya masomo ya wanawake mwaka 1970 kwa sababu wanafunzi na wanaharakati walikomaa nayo, Makerere nao wakaanzisha idara yao 1991. Harakati ndo zilizaa haya masomo, vitabu vimekuja baadaye, kwahiyo mwanafunzi wa jinsia asiyewahi kuona malalamiko yanavyopokelewa au bajeti inavyokatwa kuna nusu ya somo hajaigusa.

Sasa kosa kubwa ninaloliona ni kudhani ukishamaliza wiki zako ofisini basi umejifunza. Mtu anaweza kukaa pale muda wote anatoa kopi na kupanga mafaili akarudi vile vile alivyoenda. David Kolb, mtaalamu wa nadharia za kujifunza, alieleza hii kitu mwaka 1984, kwamba kujifunza kwa uzoefu kuna mzunguko wa hatua nne, unapitia jambo, unarudi nyuma unalitafakari, unalioanisha na nadharia, alafu unajaribu tena ukiwa na akili mpya. Ya kwanza kila mtu anaipata hata akiwa anasinzia. Ya pili na ya tatu ndo watu wanazirukaga, na hapo ndo penye alama zenyewe.

Ndo maana tunawasumbua na daftari la fildi. Mwanafunzi ananiandikia "leo nilihudhuria kikao cha mradi, kilienda vizuri", hiyo hainisaidii na yeye haimsaidii. Kikao hicho hicho mwingine anaandika hivi: wanawake walikuwa wengi ukumbini lakini walioongea kwa muda mrefu ni wanaume, mama mmoja alitoa hoja ikapita kimya, baadaye akairudia mwanaume ikapigiwa makofi, aliyeandika muhtasari ni wa kike, aliyetumwa viti ni wa kike, na kikao kiliwekwa jioni saa ambayo wenye watoto wadogo wanahangaika nyumbani. Huyu amefanya utafiti bila kugawa dodoso hata moja! Ripoti ya mradi itaandika tu kwamba wanawake walishiriki kwa wingi, na haitakuwa uongo, ila wewe sasa unajua hiyo namba imeficha nini. Kama unataka zoezi moja tu la kuanzia, kaa na saa yako uhesabu dakika za kuongea, nani ameongea muda gani na nani amekatizwa, utashangaa.

Na fanya hivo hivo kwa shirika lenyewe lililokupokea, hata kama jina lake lina neno wanawake. Nani bosi, nani ana mkataba wa kudumu, nani anabaki usiku kumalizia ripoti ya mfadhili. Wanafunzi wanaogopa kuandika haya wakihisi wanamsaliti mwenyeji. Sio umbea, ni kazi uliyotumwa, ila iandike kwa heshima na uijadili kwanza na supavaiza wako wa chuo.

Kuhusu mahali pa kwenda, msigombanie nyumba salama wanakohifadhiwa waliokimbia ukatili na vituo vya msaada wa kisheria peke yake. Ofisi ya bajeti, chumba cha habari, chama cha wafanyakazi, ofisi ya takwimu, huko neno jinsia linaweza lisitajwe wiki nzima na ndo kuna mengi ya kuchimba. Kwa maoni yangu aliyeweza kuonyesha kwamba takwimu za idara fulani hazitenganishi wanawake na wanaume kafanya kazi nzito kuliko aliyepiga picha kwenye maandamano.

Ukipangiwa sehemu yenye waathirika wa ukatili, hapa sina utani. Usimuulize mtu akusimulie yaliyompata eti kwa ajili ya ripoti yako, ameshayasimulia kwa wengi na kila mara yanamuumiza upya. Hakuna picha, hakuna jina, hakuna kutaja kituo kiko wapi hata kwenye status ya simu, maana anayemtafuta huyo mama naye ana simu. Daftarini badilisha chochote kinachoweza kumtambulisha. Na wewe mwenyewe ukianza kukosa usingizi kwa uliyoyasikia, sema mapema, kubeba kimya kimya sio ushujaa.

Wewe nawe una haki zako huko. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini na unawataja waziwazi watu walio kwenye mafunzo, wakiwemo wanafunzi wa fildi, sio waajiriwa tu. Nchi yako inaweza iwe haijauridhia bado, lakini chuo hakihitaji kusubiri hiyo, kinatakiwa kiwe na mtu wa kupigiwa simu na kiwe na uwezo wa kukuhamisha bila kukukata alama.

Alafu kuna hili la malipo ambalo watu hawapendi kuliongelea. Tunafundisha darasani kwamba kazi ya malezi na matunzo isiyolipwa, yaani kupika, kufua, kulea na kuuguza, kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani ya 2018, saa zake asilimia 76.2 zinafanywa na wanawake, tukitoka hapo tunawatuma wanafunzi, wengi wao wa kike, wakafanye kazi bure na nauli wajitafutie. Hapo hata sisi tunajikanyaga. Asiye na uwezo anachagua ofisi iliyo karibu na anapoishi badala ya inayomfaa, au anaacha kabisa. Kama taasisi inayompokea haina posho, basi angalau nauli, au siku chache kwa wiki ili aweze kufanya kibarua chake, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla hajaripoti, pamoja na jina la atakayemsimamia, siku ya kikao chao cha kila wiki na kazi ambazo hatapewa.