Dominica: mbuyu ulioangukia basi na ziwa linalochemka

Katika Bustani ya Mimea ya Roseau, mji mkuu wa Dominica, kuna basi la shule la rangi ya njano lililobondeka chini ya mbuyu. Ni mbuyu huuhuu wetu, wa Dodoma na Kilifi. Tarehe 29 Agosti 1979 kimbunga David kiliuangusha ukalilalia basi hilo, ambalo kwa bahati lilikuwa tupu. Basi halikuondolewa na mti haukufa. Ulichipua palepale ulipolala, na mpaka leo unaendelea kukua.

Wageni wengi hupiga picha, hucheka kidogo, kisha huulizia maporomoko ya maji yako wapi. Mimi kazi yangu ni mimea, na mtu akiniuliza aanze wapi kukitembelea kisiwa hicho namwambia aanze hapo na asiwe na haraka. Ukishaelewa kwa nini mbuyu ule uko hai, utauelewa na msitu ulioko juu yake.

Kwanza tuelewane. Dominica siyo Jamhuri ya Dominika yenye hoteli kubwa za ufukweni. Hii ni nchi ndogo ya takriban kilomita za mraba 750, yenye watu wapatao 70,000, iliyopata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 3 Novemba 1978. Kimbunga David kiliikuta haijatimiza hata mwaka mmoja. Fukwe zake nyingi ni za mchanga mweusi wa volkano, kwa hiyo anayetafuta mchanga mweupe aende kisiwa kingine, hatujakosana. Utajiri wa Dominica ni milima, mvua, mito na moto ulioko chini ya ardhi.

Sasa turudi kwa mbuyu. Mti wake ni laini na umejaa maji, kiasi kwamba fundi seremala hana habari nao. Ulaini huohuo ndio uliouokoa. Mbuyu una uwezo wa kurudisha gome lililobanduliwa, kama wanavyojua wanaoishi jirani na tembo, na shina lake linaweza kutoa machipukizi karibu mahali popote. Ukianguka huku sehemu ya mizizi ikiwa bado imeshika udongo, unaendelea na maisha ukiwa umelala. Miti mingi yenye mbao ngumu ikishang'oka namna ile, habari yake imekwisha.

Na mbuyu ulifikaje Karibea? Hapo ndipo historia ya bustani yenyewe inapoingia. Mwaka 1889 serikali ya kikoloni iliamua kuianzisha kwenye ekari 40 zilizokuwa shamba la miwa. Haikukusudiwa kuwa mahali pa kupumzikia. Bei ya sukari ilikuwa imeanguka, na serikali ilitaka kitalu cha kuwagawia wakulima miche ya kakao, ndimu, vanila, kahawa na viungo. Bustani ya Kew ya London ilisaidia kupeleka mimea, na miti ya mapambo kutoka makoloni ya kila upande ikapandwa pembeni. Aliyewahi kufika Amani, kule Usambara Mashariki, ataitambua fikra hiyo mara moja: Wajerumani walipoanzisha taasisi yao pale mwaka 1902, nao walikuwa wanatafuta zao la kuuza, na miti waliyoijaribu bado imesimama. Dominica zao lililoshika lilikuwa ndimu. Kwa miongo kadhaa kisiwa kilisafirisha maji ya ndimu kwa wingi, mpaka magonjwa ya mimea yalipoyapiga mashamba miaka ya 1920. Baadaye ikaja ndizi.

Ukitembea humo leo utakutana na miti mingi ambayo asili yake si Dominica hata kidogo. Kwangu hilo si kasoro, mradi ujue unachokiangalia. Mmea wa kisiwa chenyewe ambao usiukose unaitwa bwa kwaib, na ndio ua la taifa. Ni kichaka au mti mdogo wa jamii ya kunde, wenye maua mekundu yanayotoka kwa fujo wakati wa kiangazi. Kwao ni misitu mikavu ya pwani ya magharibi. Wageni wanaokimbilia milimani wanapita karibu nao bila kujua.

Kutoka bustanini, panda. Ushauri wangu ni kukitembelea kisiwa kwa kufuata mwinuko, kutoka chini kwenda juu, maana mimea inabadilika kila unapoongeza mita mia chache. Pwani ya magharibi ni kavu kiasi. Ndani, kwenye vilele, mvua hupita milimita 7,000 kwa mwaka. Umbali kati ya hali hizo mbili ni mwendo mfupi tu wa gari, wenye kona za kukutapisha.

Kituo cha karibu ni Trafalgar, maporomoko mawili yanayotazamana ambayo wenyeji huyaita Baba na Mama. Baba ndiye mrefu. Ni dakika chache kutoka barabarani, na kwenye miamba utaona rangi ya chungwa iliyoachwa na maji moto yenye madini. Njiani utaona mabomba makubwa ya umeme wa maji. Usikasirike kwamba yanaharibu picha, maana ndiyo yanayowasha taa za Roseau. Karibu na hapo kuna Papillote, bustani ya mtu binafsi iliyopandwa kwenye mteremko kati ya chemchemi za maji moto. Uliza kwanza kama inapokea wageni. Mimi naipenda kwa sababu haikulazimishiwa mistari: begonia, kangaga na mimea ya jamii ya magimbi imeachwa ipandiane inavyotaka, na ndivyo inavyofanya msituni.

Emerald Pool nitaipita haraka. Ni bwawa dogo zuri chini ya poromoko dogo zuri, na siku meli kubwa za watalii zikitia nanga linajaa watu hadi unashindwa kuliona. Nenda asubuhi na mapema au siku isiyo na meli.

Moyo wa kisiwa ni Hifadhi ya Taifa ya Morne Trois Pitons, iliyoanzishwa mwaka 1975 na kuingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Ina karibu hekta 7,000. Hapa ndipo unapopaswa kutembea polepole huku ukiangalia juu, kwa sababu miti imeandikwa tarehe. Tarehe 18 Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga Dominica kikiwa cha daraja la tano, na upepo wa takriban kilomita 260 kwa saa. Kufikia asubuhi milima iliyokuwa ya kijani ilikuwa ya kahawia. Majani hayakuwepo. Waliotazama picha wakati ule waliandika kwamba msitu umekufa. Baada ya wiki chache mashina yale yaliyokuwa uchi yakaanza kutoa majani moja kwa moja kwenye gome.

Dalili zake bado zinasomeka. Tafuta mti wenye shina nene linalokatika ghafla juu, kisha kichwa cha matawi membamba yaliyosimama wima: huo ulivunjwa shingo ukaota upya. Tafuta mahali penye mwanga mwingi palipojaa miti myembamba yenye majani makubwa yaliyogawanyika mithili ya kiganja. Huo ni sekropia, wa kwanza kuwahi kila pengo linapofunguka. Wasomaji wa Kongo mnaoijua parasolie mtauona ni ndugu yake, na kweli ni wa ukoo mmoja; hata kazi yake msituni ni ileile. Karibu na mabarabara utaona pia kibobakasi chetu, chenye maua mekundu ya moto. Kule ni mgeni, na anapenda mno ardhi iliyovurugwa. Mimi kila nikimwona huwa nakumbuka jinsi mhesi ulivyopelekwa Amani kwa nia njema ukageuka tatizo la msitu mzima.

Mti wa kuheshimu kuliko yote msituni humo ni gommier. Ni mrefu, umenyooka, na ukijeruhiwa hutoa utomvu mweupe wenye harufu ambayo mtu wa Mombasa au Unguja atashtuka akiivuta. Asishangae, maana gommier ni wa ukoo mmoja na miti ya ubani na manemane, na utomvu wake nao huchomwa kama uvumba na hutumika kuwashia moto. Wakalinago, watu waliokuwa kisiwani kabla ya Wazungu, huuchonga kuwa mtumbwi: gogo hutobolewa, kisha hujazwa maji na mawe ili mbavu zake zitanuke. Eneo lao liko upande wa mashariki, ekari 3,700 zilizotengwa rasmi mwaka 1903. Ukienda huko nunua kikapu cha larouma, mmea wenye mabua membamba kama matete, kwa aliyekisuka. Usipunguze bei sana. Yale mabua hukatwa, huanikwa na huchanwa kwa mkono kabla hata ya kusukwa.

Ziwa Linalochemka, Boiling Lake, linahitaji siku nzima na magoti mazuri. Unaanzia kijiji cha Laudat, unapita msituni hadi mto uitwao Breakfast River, unapanda ukingo wa Morne Nicholls, halafu unashuka Bonde la Ukiwa. Juu ya ukingo miti inakuwa mifupi, iliyopinda, imefunikwa kuvumwani mpaka huoni gome. Upepo na ukungu haviiachi irefuke. Kisha unashuka na ghafla hakuna miti kabisa: udongo mweupe na wa manjano, vijito vya rangi ya maziwa na vya rangi nyeusi, harufu ya mayai yaliyooza, mvuke kila upande. Waongozaji wengi huchemsha mayai humo kwa ajili ya wageni. Mimi huwa nainama kutazama kinachoota kando ya matundu ya mvuke, ambapo udongo ni moto na una asidi. Kuna pitkania, ndugu wa nanasi, na klusia yenye majani manene, pamoja na nyasi chache. Hapo naona ni bustani ya kweli kuliko ile ya Roseau, ila sijampata mgeni wa kunikubalia.

Ziwa lenyewe lina upana wa kama mita 60. Ni tundu la mvuke wa volkano lililojaa maji: mvua na vijito vinaingia juu, gesi na mvuke kutoka kwenye miamba ya moto vinasukuma kutoka chini. Pembezoni maji yamepimwa kati ya nyuzijoto 82 na 92. Katikati yanachemka moja kwa moja. Msukumo wa chini ukipungua, maji hushuka. Mwishoni mwa mwaka 2004 ziwa lilikauka karibu lote, na miezi michache baadaye likajaa tena. Mwaka 1880 mlipuko wa mvuke eneo hilo ulirusha majivu hadi Roseau, na mwaka 1901 watu wawili walikufa kwa gesi hapo ziwani. Kwa hiyo usishuke ukingoni, na usiende bila mwongozaji hata kama simu yako ina ramani nzuri. Serikali imeanza mradi wa magari ya kupita kwenye nyaya hadi karibu na ziwa. Ubishi uliozuka kwetu kuhusu Kilimanjaro unafanana na wa kule karibu neno kwa neno. Mimi naona wazee na wenye ulemavu wana haki ya kuliona ziwa. Ninachokihofia ni bonde dogo vile kupokea abiria wa meli nzima kwa asubuhi moja.

Kaskazini kuna Morne Diablotins, mlima mrefu kuliko yote, mita 1,447. Kwenye mteremko wake, njia ya Syndicate ni mahali pa kuwatafuta kasuku wawili wasiopatikana kwingine duniani. Jaco ana kelele na huonekana kirahisi. Sisserou, yule wa kifua cha zambarau aliyeko kwenye bendera ya taifa, ni adimu sana na kimbunga Maria kilimwumiza zaidi. Fika alfajiri, nyamaza, na usimlipe mtu anayekuahidi kwamba lazima utamwona. Chini yake, karibu na mji wa Portsmouth, mashua hupandisha wageni Indian River kwa makasia bila injini, katikati ya miti ambayo mizizi yake imetanuka ikawa kuta zilizopinda hadi majini. Hata mtu asiyejali mimea hunyamaza pale.

Kuhusu wakati: Februari hadi Mei ndiyo miezi yenye mvua kidogo, na neno kidogo hapa lina maana ya Dominica. Msimu wa vimbunga huanza Juni na kuisha Novemba. Mwenye siku moja tu afanye bustani ya Roseau na Trafalgar, asijaribu ziwa. Mwenye wiki anaweza kuongeza vipande viwili vitatu vya Waitukubuli, njia ya kilomita 184 inayovuka kisiwa chote kutoka kusini hadi kaskazini.

Na viatu. Dominica ina chura mkubwa ambaye wenyeji walimla hadi akapewa jina la kuku wa mlimani. Yumo hata kwenye nembo ya taifa. Kuanzia mwaka 2002 kuvu anayeshambulia ngozi za vyura aliwaua karibu wote, na sasa kumwinda ni marufuku. Ni kuvu yuleyule aliyekutwa kwenye chura wa Kihansi wa Tanzania kabla hajatoweka porini. Husafiri kwenye maji na matope. Sugua viatu vyako kwa brashi, vioshe kwa dawa ya kuua vijidudu na uvikaushe kabisa kabla ya kupanda ndege, hasa ikiwa umetoka Udzungwa au Usambara, na ufanye hivyohivyo siku ya kurudi.