Gari Lijalo la IndyCar: Yanayodaiwa na Yalivyo

Mwezi Mei, karibu saa mbili kasorobo usiku kwa saa za Dar na Nairobi, magari 33 huachiwa pale Indianapolis, Marekani, kuanza mizunguko 200 ya Indianapolis 500, mbio kubwa kuliko zote za mashindano ya magari ya IndyCar. Haipiti nusu saa utasikia malalamiko yale yale: gari limezeeka, gari ni zito, gari halina sura, libadilishwe. Lawama ya uzee ina ukweli. Chasi inayotumika iliingia mashindanoni mwaka 2012, na tangu hapo imeongezewa viraka kama kanzu ya urithi. Gari jipya linakuja. Kampuni ya Dallara ya Italia ndiyo iliyopewa kazi tena, mwaka uliotajwa ni 2028, na injini itakuwa V6 ya lita 2.4 yenye tabo mbili badala ya lita 2.2 ya sasa. Kilichobaki ni ubishi juu ya sura na tabia yake, na humo mna dhana nyingi ambazo ukizichunguza hazisimami.

"Gari jipya lazima lipite kasi ya zamani"

Rekodi ya kasi ya Indianapolis ni ya mwaka 1996. Mholanzi Arie Luyendyk alikwenda kwa wastani wa maili 236.986 kwa saa katika mizunguko minne ya kufuzu, sawa na kilomita 381 na ushei. Mwaka 2024 Scott McLaughlin alifika maili 234.220. Hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa kasi kubwa kuliko hiyo, lakini ile ya Luyendyk, ambayo haikumpa nafasi ya kwanza, hakuigusa. Mashabiki wengi huona aibu hapo: teknolojia ya karibu miaka 30 imeenda wapi?

Haijaenda popote. Wakiamua, wahandisi wa leo wangeipita rekodi ile bila kutoa jasho. Wamezuiwa na kanuni, na kanuni ziliandikwa na watu waliokwisha kuonja upande wa pili. Oktoba 2000, katika mashindano ya CART, ligi nyingine ya magari ya aina hii, kule Fontana, California, Gil de Ferran alizunguka kwa maili 241.428 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 388. Miezi sita baadaye CART walikwenda Texas Motor Speedway, ovali, yaani njia ya duara, ya maili moja na nusu ambayo kona zake zimeinuka digrii 24. Mazoezini madereva walikuwa wakibanwa na nguvu iliyopita mara 5 ya uzito wa miili yao, na kona zilikuwa ndefu kiasi kwamba hawakupata nafasi ya kuvuta pumzi. Wakashuka wanayumba, vichwa vinazunguka. Mbio zikafutwa siku yenyewe, saa chache kabla ya kuanza. Magari yalikuwa mazima kabisa. Miili ya madereva ndiyo iliyogoma.

Kuna na hesabu ya darasani. Nishati ya gari linalogonga ukuta huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 360 hadi 380 kwa saa, umeongeza kasi kwa chini ya asilimia 6, lakini pigo la ukutani limeongezeka kwa asilimia 11 hivi. Kuta laini za chuma na povu, SAFER, zilizofungwa Indianapolis kuanzia 2002, zimeokoa watu wengi. Hata hivyo nazo zina kikomo.

Na mtazamaji mwenyewe hapimi kasi kwa macho. Ukikaa jukwaani huwezi kutofautisha maili 228 na 234. Unachokiona ni gari linalotingishika, dereva anayelegeza mguu kabla ya kona na mwingine anayekataa kulegeza. Hayo hutokea injini ikiwa na nguvu nyingi na gari likiwa halijakandamizwa sana na hewa. Katika miaka ya 1990 injini za CART zilivuka nguvu za farasi 900, hivyo kona zilimhitaji dereva mwenye adabu. Mimi ningechukua hilo kabla ya rekodi yoyote: farasi waongezwe, mabawa yanayolikandamiza gari chini yapunguzwe, na mwisho wa njia nyoofu kila mtu aamue mwenyewe aache mafuta wapi.

"Zamani kila timu iliunda gari lake"

Hii hupendwa sana na wanaochukia chasi moja kwa wote. Wapo wenye timu walioliishi hilo, kama Dan Gurney na magari yake ya Eagle, au Roger Penske na yake. Lakini timu nyingi zilikwenda dukani tangu zamani. Kati ya 1983 na 1987 Indianapolis 500 ilichukuliwa mara tano mfululizo na magari ya March, kampuni ya Uingereza iliyomuuzia yeyote mwenye fedha. Baadaye ikawa zamu ya Lola, kisha Reynard. Uhuru wa kuchagua ulikuwapo kwenye karatasi. Uwanjani mwenye akili alinunua kile alichonunua jirani aliyeshinda wiki iliyopita.

Penske anatupa mfano wa pande zote mbili. Mwaka 1994 alileta injini ya Ilmor yenye nembo ya Mercedes, iliyobuniwa kwa siri ili kutumia mwanya mmoja tu katika kanuni za Indianapolis. Al Unser Jr. akashinda. Kanuni zikabanwa. Mei iliyofuata, timu ile ile, na madereva wawili waliowahi kushinda mbio hizo, Unser Jr. na Emerson Fittipaldi, haikuweza hata kufuzu. Kwa msimulizi ni hadithi tamu. Kwa mtu wa timu ndogo anayelipa mishahara ya mafundi 30, ni sababu ya kufunga duka.

Ndiyo maana sioni dhambi kwa Dallara kuunda chasi ya wote. Ningepigania jambo jingine: vipande ambavyo timu zinaruhusiwa kujitengenezea, hasa vya sasponsheni, viongezwe kidogo, na mlango ubaki wazi kwa mtengenezaji wa tatu wa injini. Lotus waliingia 2012 wakatoka mwaka huo huo, na tangu hapo Chevrolet na Honda wamekuwa peke yao.

"Sura ikiwa nzuri, mbio zitakuwa nzuri"

Mwaka 2010, kamati iliyoundwa kuchagua gari la 2012 ilikuwa na mapendekezo kutoka Dallara, Lola, Swift, BAT na DeltaWing. Hili la mwisho, kazi ya Ben Bowlby, lilifanana na mshale: mbele jembamba lenye magurudumu mawili yaliyokaribiana, nyuma pana, na mabawa makubwa hayapo. Watu walicheka. Kamati ikachagua Dallara. DeltaWing likapelekwa kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 2012 na injini ndogo ya Nissan, likaenda vizuri hadi liliposukumwa ukutani na gari jingine. Bowlby alikuwa ameuliza swali sahihi, kwamba kwa nini gari liwe zito na libebe injini kubwa ikiwa nusu ya uzito na nusu ya nguvu vinaweza kukufikisha kule kule. Jibu lake tu ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

Lile la Dallara nalo lilipofika lilitukanwa. Lilikuwa na bampa kubwa nyuma ya magurudumu, mgongo wenye uvimbe, na pua ambayo hakuna aliyeweka picha yake ukutani. Kisha likaanza kukimbia. Katika Indianapolis 500 ya mwaka 2012 uongozi ulibadilika mara 34, wakati rekodi ya awali, mara 29, ilikuwa imedumu tangu 1960. Mwaka 2013, Tony Kanaan aliposhinda, ulibadilika mara 68. Gari baya hilo! Lilichana pengo kubwa hewani, kwa hiyo wa nyuma alinyonya upepo akapita, na mzunguko uliofuata akapitwa yeye.

Kosa lilikuja lilipoanza kupambwa. Kuanzia 2015 hadi 2017 Honda na Chevrolet waliruhusiwa kuvisha chasi ile vipande vyao wenyewe: vibawa juu ya vibawa, mapezi kila upande. Gharama zikapanda, vipande vikawa vinamwagika barabarani kila magari yalipogusana, na Mei 2015 magari matatu yakapaa katika mazoezi ya Indianapolis, la Helio Castroneves, la Josef Newgarden na la Ed Carpenter. Mwaka 2018 vyote vikavuliwa, bampa zikaondolewa, na gari likavishwa bodi moja safi inayopata mshiko wake mwingi kutoka chini ya sakafu. Kwa bahati likawa zuri pia. Sakafu ndilo fundisho lenyewe: hewa inayovutwa chini ya gari haivurugwi sana na gari lililo mbele, wakati bawa la juu likiingia katika upepo mchafu hupoteza kazi yake na dereva huteleza nje ya mstari. Anayechora gari la 2028 aanze na tumbo, uso utafuata.

"Zile bampa za nyuma zirudishwe, gari halitapaa"

Zilikuwapo Mei 2017. Scott Dixon alilivaa gari la Jay Howard, akarushwa, akatua juu ya ukuta wa ndani. Alitoka na miguu yake mwenyewe kwa sababu kasha la kaboni alilokaa ndani yake halikupasuka.

"Kioo cha kumkinga dereva kimeua mbio za magurudumu wazi"

Hapa huwa nanyamaza kwanza. Oktoba 2011, kule Las Vegas, Dan Wheldon alifariki katika ajali ya magari 15, gari lake lilipopaa na kichwa chake kupiga nguzo ya uzio. Yeye ndiye aliyekuwa amelijaribu gari jipya la Dallara, ndiyo maana linaitwa DW12. Agosti 2015, Pocono, kipande cha pua ya gari lililogonga ukuta kilimwangukia Justin Wilson kichwani akiwa anapita tu. Akafariki siku iliyofuata.

Aeroscreen, fremu ya titani yenye kioo kigumu cha plastiki, ilianza 2020. Julai mwaka huo, Iowa, gari la Colton Herta lilipanda juu ya la Rinus VeeKay; wote wawili walitembea. Baada ya hapo mjadala wa kuiondoa umekwisha, na anayesema vinginevyo hajawahi kukaa chini ya kitu kinachoanguka.

Malalamiko ya haki yapo, na ni ya ufundi. Kioo kilibandikwa juu ya gari lililokwisha kuumbwa. Kimeongeza uzito juu na mbele, mahali pabaya kuliko pote, na kimemkatia dereva hewa, hata ikabidi yatobolewe matundu ya kumpulizia. Gari linaloundwa likijua tangu mwanzo kwamba litabeba kioo litakuwa na njia za hewa zake, na mstari wa bodi utaendana nacho badala ya kuonekana kama kofia ya kuazima.

"Haibridi ni urembo wa wauza magari"

Nusu ni kweli, maana kampuni zinazolipia injini hupenda neno hilo liandikwe ubavuni. Lakini mfumo huu wa umeme unaosaidia injini, ulioanza katika mbio za Mid-Ohio Julai 2024, ni wa aina yake. Hautumii betri kubwa. Unahifadhi umeme katika kapasita, zinazojaa na kumimina kwa sekunde chache, na vyote vimebanwa kati ya injini na gia. Dereva huvuna akifunga breki au akiachia mafuta, kisha akabonyeza kutumia. Faida isiyosemwa sana ni kwamba gari likizimika barabarani, dereva anaweza kuliwasha mwenyewe. Kabla ya hapo ilibidi wasubiriwe watu na mashine ya kuwashia, bendera ya njano ikipepea muda wote huo.

Dosari yake ni kilo. Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini gari hili limeelemewa: kioo, haibridi, na miaka ya kuimarisha hapa na pale. Gari zito hula matairi, huchelewa kusimama, na hugonga kwa nguvu zaidi. Kama 2028 ingekuwa na lengo moja tu, ningetaka liwe hili, na kila gramu iliyotolewa itoke juu kabla ya kutoka chini.

"Ni F1 ya bei nafuu, basi iige F1"

Mwaka 2019 mashindano yote mawili yalikimbia katika barabara ile ile ya Austin, Texas. Will Power alipata nafasi ya kwanza ya IndyCar kwa dakika 1 na sekunde 46.0. Valtteri Bottas alipata ya F1 kwa dakika 1 na sekunde 32.0. Tofauti ya sekunde 14 ni kubwa, na haibishaniwi. Sasa lichukue gari lile la F1 ulipeleke Indianapolis, liegemee kushoto mizunguko 200 kwa zaidi ya kilomita 350 kwa saa, liwe na magari mawili ubavuni na ukuta upande wa kulia. Halikuundwa kwa ajili hiyo. La IndyCar hukimbia hapo, na wiki inayofuata hurukaruka katika mitaa ya Detroit yenye viraka vya saruji.

Tena wanaoendesha IndyCar hushika usukani usio na msaada wa hidroliki wala umeme. Kioo na haibridi vilipoongezwa, usukani ukazidi uzito, na wapo wanaotaka gari jipya liwekewe msaada kama F1. Likipunguzwa kilo, mikono itapumua yenyewe.