Moyo umetibiwa, lakini ubongo na utumbo je?

"Mtoto si alishafanyiwa upasuaji wa moyo? Akichelewa kuongea, huo ni uvivu." Kauli hii si kweli, na inawaumiza wazazi bure.

Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo. Nyingi ni ndogo. Ila ikiwa nzito, mathalani mishipa mikuu miwili imepishana, ubongo huweza kukosa oksijeni ya kutosha tangu tumboni. Vipimo vya MRI vimeonyesha vichanga wa namna hii, waliotimiza miezi yao, wakiwa na ubongo ulio nyuma kwa takriban mwezi mzima. Hapo hata kisu hakijagusa kifua.

Kuna na utumbo, unaosahaulika. Damu ikipungua, mwili hutanguliza moyo na ubongo, utumbo ukabaki na kidogo. Ongeza antibayotiki na siku za kukaa bila kunyonya: hupungua bakteria wema, wale wanaomeng'enya sukari za maziwa ya mama na kutoa asidi zinazolinda ukuta wa utumbo. Watafiti wanachunguza kama pengo hilo nalo hugusa ubongo. Kwa watoto hawa bado halijathibitishwa. Kwa hiyo usimpe mtoto dawa zenye bakteria hai (probiotiki) kienyeji, maana zimewahi kuleta maambukizi ya damu kwa vichanga dhaifu.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, hata matone machache kwa bomba la sindano kupitia mpira wa puani, daktari akiruhusu, ni chakula cha bakteria hao. Na kliniki, omba mtoto apimwe anavyokaa, anavyoshika, anavyoongea. Usisubiri aanze shule.